Kisu Kisichovikwa Mpira

Melania alikikuta kisu kimefunguka juu ya meza, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyekikunja jioni iliyotangulia na kukitumbukiza ndani ya bilauri. Bilauri ilikuwa palepale, imesimama wima, tupu. Kando ya kisu palikuwa na alama ya unyevu, na unyevu huo ulinuka tope la chini ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, tope lile ambalo wachimbaji wa Rwamgasa hulifikia baada ya kuliacha mbali tabaka lenye hewa nzuri. Sakafu ya nyumba ilikuwa ya saruji. Mvua haikuwa imenyesha tangu mavuno ya pamba.

Alikikunja tena. Kikatoa mlio mdogo, tik, kama mtu anayegonga ulimi kwa dharau.

"Baba Evelina," alimwita mumewe, "usiku uliamka kukata nini?"

Donatus alikuwa amelala chali, macho wazi. "Sikuamka. Kimeamka chenyewe. Kinapenda kutazamwa."

Alisema hivyo kwa upole, kama baba anayemtetea mtoto wake, na ni upole huo uliompa Melania baridi ya mgongo.

Melania alikuwa na kibanda cha vifaa vya machimbo: kamba, tochi za kichwani, mabuti, na visu vya kukunja. Kwake kisu hakikusifiwa, kilijaribiwa. Kwanza alichovya kipande cha kamba ndani ya ndoo ya maji, kwa sababu duarani hakuna kamba kavu. Kisha alikifungua kisu kwa mkono mmoja na kuikata kamba hiyo kwa mkono uleule, kwa sababu mkono wa pili wa mchimbaji daima umeshika kitu kingine. Mwisho aliukandamiza mgongo wa bapa juu ya meza. Kikijikunja, alimrudishia aliyekileta, maana kisu kisicho na komeo la kweli humgeukia mwenye nacho.

Kwa njia hiyo alimchagulia mumewe kisu cheusi, mpini mnene wa plastiki, bapa fupi lisilong'aa.

"Hiki umemchagulia mume au trekta?" Donatus aliuliza.

"Nimemchagulia mume ninayetaka arudi na vidole vyote."

Donatus alicheka, lakini aliporudi kutoka Geita mjini alikuja na kingine, alichokinunua kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa chini. Mpini ulikuwa wa ganda la chaza, rangi zake zikibadilika kila ulipougeuza. Bapa lilichorwa maua na kung'aa kama kioo. Melania alikijaribu. Juu ya kamba mbichi kiliteleza, na alipoukandamiza mgongo wake kilijikunja bila ubishi wowote.

"Hili ni pambo," alisema. "Liweke kabatini na vikombe vya wageni."

"Mke wangu, mtu akifanya kazi gizani siku nzima, mwache awe na kitu kimoja kizuri cha kutazama."

Donatus akakitia mfukoni.

Ipo desturi machimboni ambayo hata mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Kila chombo kinachoshuka duarani huviringishwa mpini kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Sababu inayotajwa hadharani ni kwamba mikono yenye tope isiteleze. Sababu ya pili husemwa kwa sauti ya chini: kitu king'aacho kikishushwa uchi, mwenyeji wa ardhi hukidhania kuwa ni zawadi, na akiisha kuipokea humtaka na aliyeileta. Sostenes, mshika winchi, alimnyooshea Donatus ukanda wa tyubu kama kawaida.

"Nimfunike bibi harusi kwa mpira?" Donatus alijibu, akashuka na kisu kikiwa wazi kiunoni.

Alasiri hiyo mwamba uliokuwa mkavu kwa miezi ulionyesha dhahabu. Wenzake walimbeba juu juu. Tangu hapo kisu hakikukaa kimekunjwa.

Baada ya asubuhi ile ya bilauri, mambo yalifuatana. Ilianza tik ndani ya kabati lililofungwa, kisha harufu ya tope ikahamia kwenye shuka. Donatus akaacha kula mezani. Alikaa mlangoni akilifuta bapa kwa pindo la shati, akilinong'oneza kwa maneno ambayo Melania alipoyasogelea yalikoma. Vidole vyake vilijaa michanjo ambayo haikutoa damu.

Melania alisali rozari, na hali haikubadilika. Akaenda kwa Mbuke, mganga mzee aliyehamia huko kutoka Samuye.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Punguza sauti. Umekuja na harufu yake." Mbuke alisogeza kigoda karibu. "Huyo ni jini wa lile duara. Mumeo alimpelekea zawadi bila kujua, naye amelipa kwa dhahabu. Sasa anamngoja mtu wake. Mpe mbuzi mweusi kila mwezi mwandamo, huenda akavumilia."

"Huenda?"

"Sikudanganyi, mwanangu."

"Basi silipi kodi kwa kisu," Melania alisema. "Niambie kitu kimoja tu. Amekipendea nini? Hata kamba hakikati."

"Amekipendea uzuri wake. Ndani ya uzuri huo ndimo alimojilaza."

Melania aliinuka, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mayu. Hilo linanitosha."

Alipofika kibandani jua lilikuwa la utosi, na Sostenes alikuwa akimsubiri, midomo imemkauka.

"Mama Evelina, shemeji ameshuka peke yake. Hana tochi, hana kofia. Amechukua kamba na kile kisu. Nimemwita, ananijibu kwa sauti isiyo yake."

Melania alitia kisu cheusi mfukoni, akachukua ukanda wa tyubu na tochi, akatangulia mbele.

"Mwanamke hashuki," Sostenes alinong'ona walipofika mdomoni mwa duara. "Unajua hivyo. Mwamba unakataa."

"Mwamba una neno, uniambie wenyewe. Zungusha winchi."

Akashuka. Mwanga wa juu ulisinyaa ukawa kama sahani, kisha kama kitufe, na kadiri ulivyosinyaa ndivyo harufu ya tope ilivyozidi kumwingia puani na kooni, nayo matimba yaliyoshikilia kuta yakaanza kulia moja baada ya jingine, kila alilolipita likinyamaza na la chini yake likipokea, kana kwamba kitu fulani kilikuwa kikishuka sambamba naye upande wa pili wa mbao. Miguu yake ilipogusa chini tochi ilififia ikazimika, lakini giza halikuja, kwa sababu mbele yake palikuwa na mwanga mweupe usio na joto, na mwanga huo ulitoka kwenye bapa lililokuwa wazi juu ya kiganja cha Donatus, ambaye alikuwa amekaa akiegemea mwamba wenye dhahabu, mkono wake mwingine ukiwa umefungwa kwenye timba kwa kamba iliyolowa na kuvimba, mafundo juu ya mafundo, mafundo aliyoyafunga mwenyewe.

"Mama wa visu," sauti ilisema. Midomo ya Donatus haikutikisika. Kilikuwa Kiswahili laini cha mtangazaji wa redio, bila chembe ya Usukuma. "Nitazame."

Alitazama. Ndani ya bapa aliuona uso wake, mchanga, laini, bila kovu la moto alilokuwa nalo shavuni.

"Huyo si mimi," Melania alisema. "Kovu langu lina kazi. Linanikumbusha nisijaze mafuta koroboi ikiwa inawaka."

"Nilipewa," sauti ilisema. "Kilichotolewa hakirudi."

"Kwangu kisu hakisifiwi," alijibu. "Kata."

Akakinyakua kiganjani mwa mumewe, akakibana juu ya ile kamba mbichi kama alivyofanya mbele ya wateja wake wote, akavuta. Kikateleza. Akavuta tena, na bapa likajikunja, tik, likazama katika kidole chake hadi mfupani, nayo sauti ikacheka kutoka pande zote za shimo, ikacheka huku udongo ukimwagika kutoka juu na matimba yakipinda, lakini Melania hakukiachia. Alikifungua kisu cheusi kwa mkono uliobaki, akakipenyeza chini ya ganda la chaza, akalibandua vipande vipande mpaka mpini ukabaki chuma kitupu chenye kutu, kisha akaung'ata ukanda wa tyubu kwa meno na kuuviringisha, mzunguko mmoja juu ya mwingine, mpini na bapa pamoja, na kila mzunguko ulipokaza kicheko kiligeuka kilio, kilio kikawa mkoromo, mkoromo ukawa pumzi ya mtu aliyefunikwa uso kwa mto.

Mwanga ulizimika. Gizani, mkono mmoja ukiwa umeshika ukosi wa shati la Donatus, Melania aliikata kamba kwa kisu cheusi. Kilikata kwa mkupuo mmoja.

"Melania?" Donatus alisema, kama mtu aliyeamshwa. "Umefikaje huku?"

"Kwa winchi. Nyamaza, tupande."

Duara lile lilijifukia kabla ya jioni, na dhahabu yake ikabaki huko. Donatus sasa hukaa naye kibandani, vidole vyake viwili vyenye michanjo vikiwa havikunjiki, naye ndiye huchovya kamba ndani ya ndoo kabla mteja hajaulizia bei.

Kile kingine kinaning'inia kwenye msumari nje ya kibanda, kimezongwa mpira mweusi, ncha ya bapa tu ikichungulia. Melania hukitumia kukwangulia tope la mabuti. Hivi karibuni mteja mgeni alikishika, akakigeuzageuza, akasema, "Humu ndani pana kitu kizuri, dada."

Chini ya mpira kikalia, tik. Harufu ya tope ikapita kati yao.

Donatus aliinua kichwa. Melania alikichukua kisu mkononi mwa mgeni, bila haraka, akavuta beseni la sato aliowanunua kwa ajili ya jioni, akaanza kuparua magamba.

"Kazi," alikiambia kwa sauti ya chini, akakandamiza zaidi.