Yaya wa Bwana Harkin

Wilkister aliporudi kutoka kazini alimkuta mwanawe ameshiba. Elkana, mumewe, aliapa hakumpa kitu, na kweli maziwa aliyokamua Wilkister asubuhi yalikuwa bado kwenye friji. Lakini mtoto aligeuza uso mbele ya titi la mama yake, na pumzi yake ilinuka sukari iliyoungua.

Mambo yalianza na jina. Mtoto alizaliwa mlizi, na kwa Wajaluo mtoto wa namna hiyo hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo mpaka anyamaze. Atakayemnyamazia ndiye aliyemjia. Wilkister alitaja babu, akataja shangazi, akamaliza ukoo mzima hapo Toongabbie, mtaa wa ughaibuni walikohamia, mtoto analia tu. Ndipo Elkana, anayetunza bustani yenye sanamu ya Ambrose Harkin, mmoja wa wazungu wanaoitwa waasisi wa taifa hilo la ugenini, akamtupia jina hilo kwa utani. Mtoto akanyamaza kimya. Basi akaitwa Ambrose.

Wilkister hakulipenda. Alikuwa amewasikia vijana wanaotaka sanamu ing'olewe wakisema utajiri wa Harkin ulitoka mashamba ya miwa ng'ambo, yaliyolimwa na watumwa. Elkana akamwambia aache ushamba.

"Huyu ni founder, Wilkister. Enzi hizo wakubwa wote walikuwa hivyo. Jina hili litamfungulia mtoto milango."

Lilifungua mmoja, na haukuwa mzuri.

Mtoto akawa anacheka akitazama juu ya bega la mama yake, akimnyooshea mikono mtu asiyeonekana, na mchana kweupe, Wilkister akiwa jikoni, alisikia chumbani mtoto akinyonya na sauti ya mwanamke ikimbembeleza kwa lugha asiyoijua, akakimbia, akakuta kitanda cha mtoto kinayumba peke yake, chumba kizima kinanuka sukari iliyoungua, na mdomo wa mwanawe umelowa maziwa ya vuguvugu ambayo hayakuwa yake. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza ulikuja wivu, ule wa kumkuta mwanamke mwingine kitandani mwako.

Wakamwita Goreth, jirani Mrundi anayeongoza maombi. Alinusa mara moja tu pale mlangoni, akauliza jina la mtoto lilitoka wapi, wakamweleza.

"Ni yaya wa huyo bwana," alinong'ona. "Alinyonyesha watoto ya bwana, wake yeye wakauzwa. Mmeita jina, ameitika. Baba ndiye alilitoa, baba alirudishe, na aseme kwa mdomo wake yule mtu alikuwa nani."

Elkana akasita. Aliona vigumu kumhukumu mtu ambaye nchi nzima inamsimamishia sanamu. Wilkister hakumngoja, akakisogelea kitanda.

"Toka. Huyu ni wangu."

"Na wangu walikuwa wa nani?" iliuliza sauti, sikioni mwake kabisa.

Elkana aliisikia pia. Akapiga magoti.

"Ambrose Harkin alitajirika kwa watu aliowanunua," alisema. "Mwanangu hataitwa kwa jina lake. Nalirudisha."

Harufu ikakatika. Mtoto akalia kwa njaa, akalidaka titi la mama yake kwa pupa, na Wilkister akatokwa na machozi ya furaha. Huko nje yule yaya alisikika akishuka ngazi akiomboleza, kilio cha mama aliyenyang'anywa mtoto tena. Goreth alijifunika uso kwa kitenge, akalia naye.

Wilkister alimkumbatia mwanawe kwa nguvu, akamwambia mumewe afunge mlango.