Mkurugenzi Aliyepandikizwa

"Nyigu, gari linatoka! Uwanja wa nyuma!"

Sauti ya redio ilikwaruza sikioni. Mkurugenzi wa makumbusho ya sanaa ya chuo kikuu akashuka ngazi mbio, bastola ya Glock mkononi.

Nyigu ndilo jina alilopewa na idara ya usalama ilipompandikiza pale akiwa bado msichana, amtafute anayeuza vinyago vya taifa nje. Alianza kwa kufuta vumbi stoo. Akawa msimamizi wa mikusanyo. Akawa mkurugenzi. Mwizi hakuonekana, na ile kazi ya kisingizio ikamwingia damuni.

Hadi leo.

Hiace nyeupe ilikuwa inakata kona.

Paa!

Tairi la nyuma likapasuka. Gari likayumba, likabamiza ukuta. Dereva akaruka nje na bastola. Hakuwahi hata kuinyanyua. Teke la kwanza la Nyigu likatua mkononi, la pili tayani. Akalala.

Mkurugenzi akabomoa kreti ya mbao nyuma ya gari. Ndani ya sponji, kinyago cha mama anayenyonyesha. Akapapasa ufa wa shavuni, aliouziba mwenyewe. Ndicho chenyewe! Kilichobaki ukumbini ni nakala.

Mlango wa abiria ukafunguka.

Akashuka mzee wa suti ya kijivu. Profesa, mkurugenzi mstaafu, aliyemfundisha kubeba kinyago kama kichanga.

Nyigu akashusha bastola.

"Wewe, Mwalimu?"

"Kumbe na wewe." Mzee aliitazama bastola. "Tangu lini, binti yangu?"

"Tangu siku uliyoniajiri."

"Basi hata ulipokesha hospitali ukimuuguza mke wangu, ulikuwa kazini?"

"Hapana. Pale nilikuwa mwanao."

Mzee akanyoosha mikono mwenyewe. Pingu zikalia. Gari la idara likaja kumchukua pamoja na dereva wake. Hawakuagana.

"Mkuu, mzigo uko salama," akasema redioni. "Muuzaji tunaye."

"Safi sana, Nyigu. Sasa umeshajulikana, usirudi humo ndani. Watapata mkurugenzi mwingine."

"Mkuu, maisha yangu yote yako humo."

"Ni amri."

Akairudisha bastola kiunoni, ndani ya koti.

"Nimepokea."

Mlinzi wa lango akafika anahema. "Mama, kuna nini huku? Wanafunzi wamejaa ukumbini, wanakusubiri ufungue maonyesho yao!"

Mkurugenzi akavua kitambulisho shingoni, akamkabidhi.

"Waambie wafungue wenyewe. Wanaweza."

Akarekebisha koti, akavaa miwani ya jua, akatoka langoni taratibu, kama mtu anayekwenda zake kula cha mchana.

Hakugeuka. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, naye hakuyafuta.