Ngege Mchungu

Ajwang alikuwa ametoka Usenge, mji wa wavuvi, kuja Kisumu kukaa na dada yake, Seline, likizo nzima. Furaha ya safari ilimfanya ashindwe hata kula. Lakini kila asubuhi aliamka akakuta Seline ameshaondoka, na sasa alimtamani kuliko alipokuwa mbali naye. Seline alisoma chuo kikuu, na mchana alitumbua na kukaanga samaki kibandani kwa Mama Aloo, karibu na ziwa. Jioni alirudi akalala na viatu miguuni.

Siku moja Ajwang alimfuata kibandani, walau akae karibu naye. Seline alikuwa akimtumbua samaki aina ya ngege huku macho yake yako kwenye karatasi za masomo alizobandika ukutani. Baadaye mteja mmoja, Mzee Okello, alisukuma sahani kando. Samaki alikuwa mchungu.

Mama Aloo alionja, akamgeukia Seline. Binti wa Usenge kupasua nyongo ndani ya samaki? Hata Ajwang, pamoja na udogo wake, alijua kuitoa nzima. Seline aliinamisha kichwa akaenda kuchota maji.

Mama Aloo akamwita Ajwang kando.

"Nyathina, mwanangu, dada yako aliniambia mchana hana masomo. Ni kweli?"

Ajwang aliikumbuka ratiba ya dada yake kule chumbani, iliyojaa vipindi vya mchana na tarehe ya mtihani. Kazi hii ndiyo iliyolipia chumba chao. Akisema ukweli, huenda Seline akafutwa kazi na chuo kikaishia hapo. Lakini dada yake alikuwa akiisha mbele ya macho yake.

"Anayo, Mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Haendi. Na mtihani ni wiki ijayo."

Seline alikuwa mlangoni na ndoo yake. Alimtazama mdogo wake kwa uchungu, kisha akakiri kwamba aliogopa kunyimwa kazi.

"Kazi si mbaya, na sikufukuzi," Mama Aloo alimwambia. "Utakuja Jumamosi tu. Mwenye nyumba yenu ni shemeji yangu, nitamwomba angoje kodi. Ungesema ukweli mapema, tungepanga mapema. Mama yako hakukuleta Kisumu unitumbulie samaki, alikuleta usome. Kazi ikusaidie kusoma, isikunyang'anye masomo."

Kesho yake mchana Seline alikwenda darasani. Ajwang alibaki chumbani peke yake, akimtamani dada yake vilevile, lakini kwa mara ya kwanza hakuomba arudi mapema.