Jangwa la Mjomba Rutayisire

Kila asubuhi, kabla ya kushika fagio, Trinah alisimama mwisho wa ua wao na kuvitazama vilima. Nyumba yao ilikuwa Rebero, juu kabisa, na mji wa Kigali ulikuwa umetandazwa chini yake. Kule Mlima Kigali na minara yake. Kule Remera na paa la uwanja wa Amahoro. Kule bonde la Kimisagara, bado limefunikwa na moshi wa majiko. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwahi kupotea hata siku moja. Ukipotea Kigali, aliwaambia wenzake, panda juu. Ukifika juu utakiona kilima chako. Shuka, panda tena, umefika nyumbani.

Alhamisi hiyo alifagia ua haraka haraka, akaingia jikoni. Mama yake, Annah, alikuwa anafunga chakula cha mchana cha kupeleka kazini. Aliuza katika duka la dawa Remera.

"Mama, shule zimefungwa. Wikendi hii naenda kwa Mjomba Rutayisire. Peke yangu."

"Unasema au unaomba?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Ninaomba. Lakini ninaomba kwa nguvu."

Ntare, kaka yake wa miaka kumi na sita, alicheka mpaka chai ikampalia. "Huyu? Kule ni jangwa, sha. Utalia kabla basi halijafika Kayonza."

"Wewe ulikwenda ukiwa na miaka kumi na miwili."

"Mimi ni mvulana."

"Kwani basi la Nyagatare lina viti vya wavulana?"

Mama aligeukia dirisha ili wasimwone akitabasamu. Mjomba Rutayisire, kaka yake, alifuga ng'ombe kwenye tambarare za mashariki, mbele ya Karangazi. Halikuwa jangwa la mchanga mtupu, lakini kiangazi kikikolea, majani yote hukauka kule na vumbi hupanda hadi puani. Watu waliozoea migomba ya Kigali walipaita jangwa, na jina likashika.

"Utakwenda," Mama alisema mwishowe. "Ila nisikilize. Mjomba wako akisema jambo, ni mimi nimesema. Na popote unapokwenda, mtu ajue ni wapi hasa. Ukidanganya hata mara moja, hutasafiri peke yako tena mpaka umalize sekondari. Ndiyo kwanza umemaliza darasa la sita, kwa hiyo hiyo ni miaka sita. Haya, niambie namba yangu ya simu."

"Mama, iko kwenye simu."

"Simu huzima. Niambie."

Trinah aliitaja namba yote, moja baada ya nyingine, huku akitazama dari.

Ijumaa alipanda basi Remera, akakaa dirishani na begi lake magotini. Hakulia kabla ya Kayonza, wala baada ya Kayonza. Alitazama tu. Vilima vilianza kufupika kama watu wanaoketi mmoja mmoja, mpaka vyote vikawa vimekaa chini na mbele kukabaki uwanda wa majani makavu na migunga.

Mjomba alimpokea stendi, akampeleka nyumbani kwa miguu. Mke wake alikuwa kwa wazazi wake, kwa hiyo nyumbani alikuwapo binti yao tu, Kellen, mwenye miaka kumi na miwili. Walimkalisha, wakampa maziwa, na Trinah akanywa mpaka mwisho bila kusimama, kama adabu ya pale inavyotaka. Jioni Kellen alimpeleka langoni.

"Unaona pale peupe, mbali? Ni bwawa. Limekauka tangu Juni. Sisi tunapaita Jangwani."

"Na ng'ombe wanakunywa wapi?"

"Kwenye mabirika, huko mbele. Adhuhuri wanajipanga mstari wenyewe wanakwenda. Ng'ombe hapotezi njia ya maji."

Trinah hakuwa anasikiliza sana. Alikuwa anapima kwa macho. Pale peupe palikuwa kama kutoka Rebero hadi kilima cha pili. "Kesho nitasimama katikati yake nipige picha. Ntare ataiona."

"Tutakwenda na Baba Jumapili."

"Nikienda na Baba yako, nitakuwa nimekwenda peke yangu?"

Kellen aliinua mabega. 

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, na wakubwa wote wa kijiji walikuwa na kazi ya pamoja. Safari hii walichimba mfereji wa kuleta maji ya mvua kwenye bwawa jipya. Mjomba alichukua koleo lake saa moja na nusu.

"Nitarudi saa sita, baada ya mkutano," alisema. "Anayetoka hapa aseme anakwenda wapi, na chupa yake ijae maji. Hapa si Kigali, Trinah. Hapa kuna jua na umbali, hakuna kingine."

Maneno hayo, hapa si Kigali, yalimchoma Trinah. Alisubiri Mjomba atokomee, akamfuata Kellen kwenye banda la ndama.

"Naenda senta kuchaji simu."

"Leo umuganda. Maduka yamefungwa mpaka mkutano uishe."

"Nitasubiri mlangoni."

"Chukua maji basi."

"Senta hawana maji?"

Senta ilikuwa magharibi, nusu saa kwa barabara. Trinah alitembea upande huo mpaka ua wa minyaa ulipomficha, kisha akakata kushoto, akazunguka nyuma ya zizi, akaelekea mashariki. Moyo ulimdunda, lakini kwa furaha. Hatimaye alikuwa peke yake.

Pale peupe palimkimbia. Kila alipotembea, palibaki pale pale. Alifika baada ya saa moja na nusu, shati limemgandia mgongoni. Udongo wa bwawa ulikuwa umepasuka vipande vipande, vimekunjika pembeni kama chapati zilizoachwa juani. Alisimama katikati, akapiga picha ishirini. Kisha akaita jina lake mwenyewe kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Hakuna kilima kilichomrudishia mwangwi.

Alipogeuka kurudi, ndipo alipoona tatizo. Hakukumbuka aliingilia upande gani. Udongo mgumu haukuwa na nyayo zake. Migunga ilizunguka bwawa lote, kimo kimoja, rangi moja.

"Panda juu," alijiambia. Lakini apande wapi? Alitafuta mahali pa juu, akapata kichuguu. Alipanda, akaona migunga ile ile, na mbele yake migunga mingine. Alifungua simu. Mtandao haukuwapo, na zile picha ishirini zilikuwa zimemaliza chaji. Simu ikazima mkononi. Alikuwa amesema uongo kwamba anakwenda kuichaji, na sasa ilihitaji kuchajiwa kweli.

Alichagua upande, akatembea. Akachagua upande mwingine. Jua lilisimama utosini, kivuli chake kikaingia chini ya miguu. Ulimi ulikuwa mzito kama kitambaa. Hapo akalia. Alilia kwa hasira, akijifuta machozi kwa nguvu kana kwamba Ntare alikuwa anamtazama.

Kisha akaona vumbi. Chini ya vumbi, ng'ombe kama thelathini walitembea kwa mstari mmoja, hawageuki kushoto wala kulia. Akakumbuka maneno ya Kellen ambayo hakuyasikiliza. Aliinuka, akaufuata mstari ule kwa mbali, hatua kwa hatua, mpaka akasikia maji yakimiminika.

Lilikuwa birika refu la saruji. Kando yake alisimama mfugaji mzee mwenye kofia ya kudarizi na simu ndogo mfukoni mwa shati. Alimtazama Trinah, akachota maji safi kwenye bomba kwa kikombe, akampa kabla ya kumuuliza lolote.

"Kunywa polepole. Maji iko, haikimbii." Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, alikokulia. "Mimi naitwa Salvator. Wewe mtoto wa nani?"

"Mjomba wangu ni Rutayisire."

"Rutayisire namjua. Namba yake ndiyo sina. Ngoja ng'ombe wamalize, nitakufikisha. Saa kumi tutakuwa kwake." Akamtazama tena. "Nyumbani wanajua uko huku?"

"Hapana, mzee. Niliwaambia niko kwingine."

"Basi wanakutafuta huko kwingine."

Alitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya ukingo wa birika, akaenda kumtenga fahali aliyekuwa anawasukuma wenzake. 

Trinah aliitazama simu ile. Ilikuwa saa saba na robo. Mjomba alikwisha rudi, na Kellen alikwisha sema: senta. Kama angesubiri mpaka saa kumi, angeweza kusema kwamba alipotea njia ya senta. Nani angebisha? Mama asingejua kamwe. Lakini muda wote huo watu wangekuwa wanamtafuta mahali ambapo hakuwapo. Na kichwani alikuwa na namba moja tu, namba ya mtu yule yule aliyeweza kumnyang'anya miaka sita.

Aliibonyeza namba, moja baada ya nyingine.

"Mama, ni mimi. Niko salama. Nilidanganya."

Sauti ya Mama, ndogo kuliko kawaida: "Uko wapi hasa?"

"Kwenye birika la mzee Salvator, mbele ya bwawa lililokauka. Mwambie Mjomba asinitafute senta. Sikwenda senta kabisa. Mwambie sasa hivi, Mama."

Simu ikakatwa.

Mjomba alifika kwa pikipiki ya jirani baada ya nusu saa. Nguo zake zilikuwa na udongo mwekundu mpaka kiunoni, na begani alibeba kamba nene. Alimshukuru Salvator kwa mikono miwili. Trinah alimpakia nyuma yake. Alimpitisha senta, akasimamisha pikipiki nyuma ya maduka, mbele ya shimo.

"Hiki ni kisima ambacho hakijaisha," alisema. "Hukuonekana barabarani wala madukani. Mtu akasema, labda ameanguka humu. Nilikuwa nimeshuka hadi kiunoni mama yako alipopiga. Tazama kuta zake."

Trinah alitazama. Udongo ulikuwa unamomonyoka wenyewe, kidogo kidogo, bila mtu kuugusa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Ningekuambia ukweli, ungenikataza," alisema polepole.

"Ningekukataza kwenda bila maji. Ungebishana nami, na huenda ungeshinda, maana nasikia ulimshinda mama yako. Kubishana na mimi si kosa. Lakini uongo haukukusaidia kufika Jangwani, Trinah. Ulifika kwa miguu yako. Uongo ulinipeleka mimi kwenye hili shimo."

Jumapili, baada ya misa, Trinah aliomba Mjomba awasimamishe majirani kwenye ua wa kanisa. Watu arobaini waliotoka kuchimba mfereji walikuwa wamemtafuta juani. Alisimama mbele yao akiwa ameinua kichwa.

"Mimi ndiye mliyenitafuta. Nilisema naenda senta, nikaenda bwawani. Samahani. Nionyesheni mlipoishia, nitachimba."

"Wewe? Na hiyo mikono ya Kigali?" mwanamke mmoja, Mukeshimana, alimtania.

"Mikono ni yangu, mama. Kigali haichimbi."

Watu walicheka, naye Mukeshimana akamwazima koleo. Trinah, Kellen na Mjomba walichimba saa mbili. Trinah alichimba hatua saba tu za mfereji, na viganja vikatoka malengelenge. Lakini chupa ya maji ilikaa karibu naye muda wote, na kila alipokwenda kuijaza alimwambia Kellen anakwenda wapi, mpaka Kellen akachoka. "Nimekuelewa sasa. Nenda tu, maji hayahami."

Mama alipiga simu mchana. Trinah alidhani atakuja kumchukua mwenyewe. "Panda basi la saa nane," Mama alisema. "Peke yako. Nitakuwa Remera."

Na kweli alikuwa Remera, pamoja na Ntare, ambaye hakuweza kungoja.

"Ulilia?"

"Nililia," Trinah alijibu. "Na wewe? Mjomba amenisimulia ulivyonasa kwenye kichaka cha miiba, ukalia. Kumbe uliona zizi kabisa, ukashindwa kulifikia."

Ntare ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kufunga kamba za viatu.

Walipanda polepole kuelekea nyumbani. Mama alisimama mahali vilima vilipoanza kuwasha taa.

"Nilikuambia miaka sita," alisema. "Nimeipunguza. Hutasafiri peke yako mpaka Desemba. Unajua kwa nini nimeipunguza?"

"Kwa sababu nilikupigia."

"Kwa sababu ulinipigia ukijua ninachoweza kukunyang'anya. Sikia, mwanangu. Kutaka kwenda peke yako si ubaya. Nami nilikuwa hivyo, na sitaki uache. Lakini anayesafiri peke yake ana watu nyuma yake wanaomfuata kwa mawazo. Ukiwapa ukweli, wanaweza kukufikia ukikwama. Ukiwapa uongo, umewapoteza wao, na wewe pia umepotea."

Trinah alivitazama vilima vyake, kimoja kimoja. Kisha akaitoa chupa begini, bado ina maji, akanywa.

"Desemba nakwenda tena," alisema. "Peke yangu. Na nitakuambia kila hatua."

"Unasema au unaomba?"

"Ninaomba, Mama. Kwa nguvu."