"Sha" Aliyoambiwa Mama Donatille

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uwitonze alishuka na mama yake hadi ufukweni mwa ziwa kuchukua sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wa kuuza sokoni. Kazi yake ilikuwa kushika beseni lisiyumbe wakati samaki wakipimwa. Mitumbwi ilirudi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavuvi walimwaga samaki wote juu ya turubai moja. Hakuna muuzaji aliyejichotea. Wanawake wa ufuko ule walikuwa wamekubaliana tangu zamani kwamba atapima mtu mmoja tu, kwa kopo moja, ili pasiwe na ugomvi. Mtu huyo alikuwa Mama Donatille. Ambaye Mama Donatille hakumpimia, hakuwa na cha kuuza siku hiyo.

Asubuhi hiyo Belise alikuja kumsubiri Uwitonze. Alikuwa rafiki yake mpya wa darasani, binti wa karani wa wilaya. Alisimama mbali na turubai akiwa na viatu vyake vyeupe, ameziba pua.

Mama Donatille alipomwona Uwitonze alicheka, akampapasa shavu kwa mkono uliojaa magamba.

"Kadogo kangu ka samaki! Bon, haya, shika beseni muzuri."

Belise aliangua kicheko. Uso wa Uwitonze ukawaka moto. Akajifuta shavu kwa nguvu, kisha akasema kwa sauti ili rafiki yake asikie:

"Pima haraka, sha! Tunachelewa."

Kopo likasimama hewani.

Watoto wa mji huu wa Gisenyi husema "sha" kutwa nzima. Njoo sha, acha sha, asante sha. Lakini huambiana wao kwa wao. Mtoto hamwambii hivyo mwanamke aliyemzidi mama yake umri.

"Umeniita nani?" aliuliza Mama Donatille.

Uwitonze alimtupia Belise jicho.

Mama Donatille aliinamisha beseni, samaki wote wakarudi kwenye turubai. "Mukamurenzi," alimwambia mama yake Uwitonze, "beba beseni yako. Mi sipimii mutu ambaye mutoto wake ananidharau mbele ya watu."

"Mama Donatille, nakuomba, ni mtoto tu..."

"Anayefuata!"

Mama alibeba beseni tupu hadi barabarani. Hapo akageuka, macho yamemwiva. "Leo nitauza nini sokoni? Maji ya ziwa? Na jioni tutakula nini? Nenda shule. Usinisemeshe."

Uwitonze naye alikuwa amekasirika. Alipiga teke kila jiwe aliloliona njiani. "Kwa neno dogo namna ile!"

"Yule mama ana makuu," alisema Belise. "Sha si tusi. Dada yangu huitwa hivyo na mchumba wake, naye hucheka tu."

Maneno hayo yalimpa Uwitonze wazo. Kama angeweza kuonyesha kwamba neno lile si baya, basi mwenye makosa angekuwa Mama Donatille. Akatoa daftari na kuanza kuuliza.

Karibu na shule alimkuta Gentil, dereva wa pikipiki. "Sha? Hilo ni neno yetu sisi watu wa Goma," alisema Gentil. "Tulikuja nalo huku kutoka ng'ambo ya mpaka."

"Muongo we!" alidakia dereva mwenzake. "Limetoka Kigali, kwa vijana wa kule. Nyinyi mulilikuta hapa!" Wakaanza kubishana, na Uwitonze akaandika yote mawili.

Wakati wa mapumziko alimuuliza Mwalimu Ndahiro, ambaye alikulia Tanzania. Mwalimu alicheka. "Nilipofika hapa nilidhani ni kama 'tafadhali'. Siku moja nikamsikia mama akimbembeleza mtoto kwa neno hilo, na jioni yake nikasikia wanaume wawili wakitishana kwa neno hilohilo. Lilikotoka sijui. Kila mtu atakupa hadithi yake, wala hatakuonyesha ushahidi."

Kufikia jioni, Uwitonze alikuwa na maana tisa: rafiki, mpenzi, mwanangu, tafadhali, we bwana, na nyinginezo. Alikimbia nyumbani. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi vichache alivyopewa na jirani. Uwitonze akafungua daftari na kumsomea.

Alipofika maana ya nne, mama alitupa kisu ndani ya sufuria.

"Maana tisa! Mimi nimezunguka soko zima mikono mitupu, na wewe umeniletea maana tisa! Wewe ulimaanisha ipi?"

"Mama, neno lenyewe siyo..."

"Sikuulizi neno. Nakuuliza wewe. Ulipofungua kinywa chako ulikuwa unamwita rafiki? Mpenzi? Ulikuwa unambembeleza?"

Uwitonze alitazama maganda ya viazi.

"Usinijibu mimi. Kesho utamjibu yeye, mbele ya walewale waliokusikia."

Kesho yake wanawake walikuwa wamezunguka turubai kama kawaida. Uwitonze alisimama mbele ya Mama Donatille, akafungua daftari. Hakuwa na ujasiri wa kufanya jambo jingine. "Maana ya kwanza ni rafiki. Maana ya pili..."

"Eeh! Leo tunasomeshwa!" alisema mwanamke mmoja, na wengine wakacheka.

Mama Donatille hakucheka. "Mi nimezaliwa hapa na hilo neno. Nimebembelezea watoto sita nalo. Unanifundisha nini?"

Uwitonze alifunga daftari. Juu barabarani, Belise alikuwa anasubiri. Angeweza kunong'ona ili Belise asisikie, lakini jana hakunong'ona. Hasira ilikuwa bado imemjaa, ila hakujua tena amemkasirikia nani.

"Nilimaanisha kwamba wewe si kitu," alisema kwa sauti. "Uliniita wa samaki, na Belise akacheka. Nikataka aone kwamba mimi si mmoja wenu. Nilijua litakuumiza, Mama Donatille. Ndiyo maana nililisema. Nisamehe."

Mama yake Uwitonze alijifunika uso kwa kitenge.

Mama Donatille aliweka kopo chini. "Jana ungesema samahani haraka haraka, nisingekuamini," alisema. "Neno hilo lina wenyewe wengi, na kila mutu anajua lake. Lakini nia ya kinywa chako unaijua wewe peke yako, na ukiificha, hakuna mutu wa kuniambia. Sikia muzuri, mutoto wangu. Hasira yangu iko bado. Itaisha, lakini si leo. Ila sasa najua nimekasirikia nini, na mama yako hayumo." Akageuka. "Mukamurenzi, leta beseni. Na wewe mutoto, mimi kukuita wa samaki, nilimaanisha wewe ni wangu."