Mwenzake wa Chumba

Haya yalimpata rafiki yangu Domitila. Kanihadithia mwenyewe, na mpaka leo akiyasema hushusha sauti.

Alitoka Ngara kuja kuanza mwaka wa kwanza chuoni Chake Chake, hana amjuaye. Wiki tatu alilala peke yake bwenini Madungu, kitanda cha pili kikimsubiri Khairat, msichana wa Unguja aliyechelewa kuripoti. Darasani wenzake wakitaniana kwa Kipemba, yeye alitabasamu tu.

Jioni moja ya mvua alishuka kuchota maji, umeme ukakatika. Alipapasa ukuta, ndoo mkononi, hadi chumbani, na humo akasikia mtu akipumua kwenye kitanda cha pili.

"Khairat? Umefika?"

"Ee," ilijibu sauti, kwa upole.

Domitila aliketi gizani, moyo ukamfunguka. Alimweleza yote: anavyokula peke yake, anavyomdanganya mama yake kwamba amepata marafiki. Kila aliponyamaza, kitanda kililia kidogo na sauti ikasema, "Endelea, nakusikia." Machozi yalimtoka huku akicheka. Hatimaye amepata mtu.

Ndipo simu yake ikaita.

"Dada Domitila? Mie Khairat, mwenzako wa chumba. Namba kanipa matroni. Ndiyo kwanza tunashuka melini, bandarini Mkoani."

Aliwasha tochi ya simu. Kitandani hapakuwa na mtu. Palikuwa na godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni ya dukani, haijachanwa popote. Upande wa kichwani nailoni ilikuwa imeingia ukungu wa pumzi, kwa ndani.