Shuka la Mtoto
Fundi simu aliifungua simu ile, akaisogeza puani, kisha akamtazama mwenyewe.

"Hii ulikuwa unaichemsha na vitunguu?"

Kijana aliyesimama mbele ya meza yake, katikati ya msukumano wa jengo la maduka ya simu, alikuwa na shati jeupe lililojaa madoa ya manjano mpaka kwenye kola. Alikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa. Simu ilichomoka mfukoni akiwa ameinamia sufuria, maana alikuwa anajifunza kutia nyuzi rangi kwa maganda na majani, na kuzifuma kwa mkono. Zamani aliuza mitumba. Kila alipofungua mzigo, nusu ilikuwa ya kutupa, mpaka mtaro wa nyuma ya soko ukaziba kwa nguo. Akaamua kujifunza kutengeneza kitu ambacho mtu hatakitupa.

Fundi alivaa gauni la kijani na kilemba cha rangi hiyohiyo, bisibisi kachomeka kilembani.

"Basi, Mpishi, rudi kesho. Nikishindwa kuiponya nitaikaanga."

Simu ilipona, lakini Mpishi hakuacha kuirudisha. Mara haiiti, mara inaita mno. Mwishowe fundi alimwambia kwamba simu ni nzima, mgonjwa ni mwenye simu. Wakaanza kupigiana kila jioni. Siku ya mapumziko fundi alikwenda kumtazama Mpishi kwenye karakana aliyojifunzia, ua mdogo wenye mitambo ya mbao na nyuzi zinazochuruzika kambani. Mwalimu wake, mama asiyecheka ovyo, alimfanya afumue kitambaa cha shibiri nzima kwa sababu ya uzi mmoja uliopinda. Mpishi akaanza upya bila kununa. Hapo ndipo fundi alipompenda hasa.

Kazi ya kwanza ya Mpishi iliyopita machoni pa Mwalimu ilikuwa shuka dogo la manjano. Alimzawadia mtoto wa dada yake fundi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea.

Haukupita muda, fundi akampigia. Sauti yake ilikuwa ngeni. Mtoto alikuwa ametokwa na malengelenge mgongo mzima, na muuza dawa alisema ni rangi ya nguo.

"Uliweka nini mle?"

"Maganda ya vitunguu. Na shabu, ya kushikisha rangi."

"Una hakika uliisuuza yote?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini alikumbuka kwamba siku ile maji yalikatika akiwa bado anasuuza.

"Sina hakika."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa. Fundi alihamia kwa dada yake kumsaidia kumwogesha na kumbembeleza mtoto, na kilichomuuma zaidi ni jinsi Mpishi alivyolisema lile neno kavukavu, kama mtu asiyejali.

Mpishi naye aliacha kwenda karakana. Usiku alijifunika kipande cha kitambaa kilichobaki, kilichotiwa rangi kwenye sufuria ileile, asubuhi anajikagua kwenye kioo. Hakutokwa na kitu. Lakini ngozi ya mtu mzima si ya mtoto, kwa hiyo hakupata faraja.

Mtoto alikuwa amekwisha kupona fundi alipoamka na homa na malengelenge, tumboni na usoni. Lile shuka yeye hakuwahi kujifunika. Daktari wa zahanati alimtazama mara moja tu, akasema ni tetekuwanga, akauliza kama nyumbani kuna mtoto aliyeugua.

Fundi alicheka peke yake kwenye benchi mpaka wagonjwa wenzake wakasogea mbali naye. Kisha akapiga simu.

"Mpishi."

"Mtoto vipi?"

Hata salamu hakuitoa. Fundi alifumba macho.

"Mzima, anakimbia. Ilikuwa tetekuwanga. Hata mimi ninayo."

Mpishi alikaa chini sakafuni. Fundi alisikia pumzi zake, kama za mtu aliyetua mzigo kichwani.

Mchana ule Mpishi alikuja kwa dada yake fundi bila hofu ya kuambukizwa, kwa kuwa yeye aliugua ugonjwa huo utotoni. Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri. Dada mtu alimfungulia, akamwomba radhi mlangoni kabla hajavua viatu. Fundi alikuwa amejifunika mtandio uso mzima.

"Siku ile si ungesema tu kwamba umelisuuza?"

"Sikuwa na hakika. Na aliyekuwa anaugua ni mtoto."

"Mimi nilisikia hujali."

"Nilikuwa naogopa mpaka sauti ikanikauka, mpenzi."

Fundi akaushusha mtandio. Uso ulikuwa madoadoa, umepakwa dawa nyeupe.

"Haya, angalia ucheke."

"Nina jambo nataka kukuuliza, ila naona utaniambia nisubiri upone."

"Ukisubiri nipone, nitajua umefuata sura."

Basi akauliza palepale kama atakubali kuwa mke wake. Fundi akasema ndiyo, kisha akairudia kwa sauti, kwa ajili ya dada yake aliyekuwa nyuma ya pazia. Halafu akamgeuzia mgongo, akamwomba ampulizie pale katikati, mahali ambapo pamemuwasha tangu alfajiri na mkono wake haufiki.